Ngozi Isiyochunwa

Akoth, mwanangu,

Kosa la watu wengi wanapoulizwa maana ya neno la kigeni ni kutoa neno moja la kwao, kisha kurudi kwenye sahani. Juzi nililifanya kosa hilo mbele yako. Ulikuja mezani na kile kitabu ulichotumiwa na chuo cha wauguzi, ukaweka kidole juu ya picha ya ngozi ya binadamu iliyokatwa kama mkate ili matabaka yake yaonekane, ukaniuliza, "Baba, hili neno *cutis* ni Kilatini?" Nikasema ndiyo. "Maana yake?" Nikasema, "Ngozi," nikaendelea kuchambua miiba ya samaki. Ukaandika "ngozi" pembeni kwa penseli, ukafunga kitabu, ukaridhika. Mimi sijatulia tangu hapo.

Naandika jua likiwa bado juu ya vilima. Nimeketi katika lile banda langu la zamani la kukaushia ngozi, ambalo siku hizi tunaweka mahindi, na kutoka hapa nasikia pasi yako ikigonga meza. Kesho alfajiri nitakupa barua hii mkononi, kwa hiyo nikisema "leo" ujue ninasema siku unayoisoma. Habari za sabuni na blanketi sitaziandika, wala jinsi ya kukaa ndani ya meli ya Homa Bay ili usitapike mpaka Kisumu. Hayo unayajua, na usiyoyajua wenzako watakufundisha kwa kukucheka.

Nina jambo moja tu. Tangu mama yako arudi kutoka hospitali ya wakoma, hujamgusa. Kesho unaondoka, na hali yake unaiona. Sitaki uondoke hivyo. Nitalifikia kwa njia ndefu kwa sababu mimi ni mtu wa njia ndefu, na kwa sababu njia fupi nilikwisha kuijaribu Jumapili kwa ukali, ukalia.

Kilatini nilifundishwa na mapadri upande wa Tanganyika, kabla sijakubali kwamba upadri haukuwa wangu. Mwalimu wetu alikuwa mzee mwembamba aliyekohoa kila alipocheka. Siku moja aliandika ubaoni maneno matatu, *cutis*, *pellis*, *corium*, akatuambia tuyaandikie maana kwa Kiswahili. Darasa zima likaandika ngozi, ngozi, ngozi. Alicheka mpaka akalazimika kushika meza. "Watu wa ng'ombe ninyi," akasema, "na ngozi zenu zote mnazitia katika gunia moja?" Nikanyoosha mkono nikamwambia kwamba kwetu katika Kijaluo tuna magunia mawili. Ipo *del*, ambayo mtu anayo juu yake akiwa hai, na ipo *pien*, ile ya ng'ombe, ambayo babu yangu aliilalia. Akaacha kucheka. "Basi wewe umekwisha kuelewa nusu," akasema.

Nusu hiyo ni hii. Waroma walipotaka kutaja ngozi ya binadamu, hii inayotoka jasho na kusisimka kwa baridi, walisema *cutis*. *Pellis* kwa kawaida ilikuwa ile iliyokwisha kuvuliwa mnyama. Waliivaa, waliikalia, walishonea mahema ya askari, hata askari waliopitisha majira ya baridi vitani walisemwa kuwa wako chini ya ngozi. *Corium* ilikuwa ngozi nene, iliyofanyiwa kazi, ya mikanda na viatu. Mafundi wa nyumba nao waliliazima neno hilo kwa tabaka la lipu ukutani. Sikuambii kwamba hawakuyachanganya kamwe. Maneno huruka ua kama mbuzi, na *cutis* utaikuta hata kwenye ganda la tunda, na kwa mtu wa anasa anayeshinda akijipaka mafuta na kukimbia jua walisema anatunza *cutis* yake. Lakini penye uzito wa maana tofauti ilibaki. Moja ina mtu ndani yake, nyingine haina.

Niliijua tofauti hiyo nikiwa kijana wa shule. Niliipata darasani bila taabu na nikapewa alama zake. Halafu nikatoka, nikapata kazi, na kazi yenyewe ikawa ya zile ngozi ambazo hazina mtu.

Wewe ulinikuta tayari mkaguzi wa ngozi, ukazoea harufu yangu, lakini sidhani nimewahi kukueleza kazi ile ilikuwa nini. Kosa la watu wa huku lilikuwa kuwamba ngozi chini, juani, kwa vigingi, kama mtu anayeanika mtama. Huona ni sawa kwa sababu baba zao walifanya hivyo, na kwa sababu inakauka upesi. Kumbe jua la mchana huipika. Juu inakuwa ngumu, ukiigonga inalia kama ngoma, mwenyewe anajisifu nayo sokoni. Ikifika kiwandani ikatiwa majini, katikati inageuka uji. Imeoza chini ya ugumu wake. Kazi yangu ilikuwa kwenda soko kwa soko, Rodi Kopany, Migori, mpaka kule mpakani, nikiwafundisha watu kujenga banda, kuitundika ngozi kivulini kwenye fremu na kuifunga kwa kamba pembeni ili hewa ipite pande zote mbili. Na kuzipanga kwa madaraja. La kwanza, la pili, la tatu, na zile za kutupwa. Nilikuwa nikipitisha dole gumba upande wa nyama wa ngozi, nikaikunja, nikatafuta chale za kisu, alama za kupe, makovu ya chuma cha moto ambayo Wakuria huwatia ng'ombe wao ili wakiibiwa wajulikane. Dole gumba langu lilikuwa na macho. Nilijivunia hilo.

Mama yako nilimkuta kwenye soko la Migori. Baba yake alikuwa ameleta ngozi, naye Robi, mama yako, amekuja kumsaidia kubeba. Mimi nilikuwa bado mgeni kazini, nikiinama na kuzigonga moja baada ya nyingine kwa vifundo vya vidole huku nimetega sikio. Akasimama juu yangu akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe mtu ya serikali, unabisha hodi kwa ng'ombe imekufa. Nani atakufungulia?"

Watu walicheka soko zima. Nikamwambia ninasikiliza kama imeoza ndani. Akasema, "Basi nusa."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na ndiyo sababu nyumba hii imezungumza Kiswahili siku zote. Yeye alikuwa na Kikuria chake na mimi Kijaluo changu, na hapo katikati tukajenga. Baba yako mkubwa Okelo alinung'unika: "Umekosa wasichana Rodi nzima mpaka unavuka mto Migori?" Lakini alikula nyama ya harusi kuliko mtu yeyote.

Sasa nifike mahali ambapo hupajui vizuri, kwa sababu ulikuwa mdogo na mimi nilikuambia uongo.

Ulikuwa unaanza kung'oka meno ya utoto. Mama yako alikuwa akikuogesha uani, mabega yake yakiwa wazi, nami nikapita nyuma yake na taulo. Chini kidogo ya bega la kushoto nikaona bato jeupe-jeupe, pana kama sahani ya kikombe. Ngozi pale ilikuwa kavu na haikuwa na jasho, ingawa mgongo wote uliobaki ulikuwa unang'aa. Kidole changu kilijua kabla ya kichwa. Nikainama nikapafinya kwa ukucha, kama ninavyofanya kazini.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Nimekufinya."

"Finya tena." Nikafinya kwa nguvu mpaka ukucha ukaacha alama. Akageuza shingo akanitazama. "Bado, ama umeishiwa na nguvu, mkaguzi?" Akacheka, wewe ukacheka kwa sababu yeye amecheka, ukamrushia maji.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesoma. Katika ofisi ya wilaya palikuwa na karatasi za kuelimisha watu juu ya ukoma, zenye picha, na mimi ndiye niliyezitafsiri kwa Kijaluo ili zibandikwe sokoni. Nilijua bato lisilo na hisia ni nini, na nilijua dawa ipo, na nilijua kwamba ikianzwa mapema vidole hubaki. Nikamwambia ni joto tu. Nikanunua marhamu kwa Mhindi pale Homa Bay, nikamwambia apake.

Umenijua mimi kuwa mtu wa kueleza. Siku ile ndiyo niliyopaswa kueleza, nikanyamaza. Niliogopa kazi yangu, niliogopa Okelo na wazee, niliogopa lile neno la kwetu la ukoma linalotajwa kwa kunong'ona, *dhoho*, lisije likaingia katika boma likibeba jina langu. Mvua ndefu zikanyesha zikaisha, zikaja zile fupi. Nikawa kila asubuhi namtazama mgongo kama mtu anayetazama ukuta wenye ufa, akitumaini kwamba ufa utachoka. Na nikaacha kumgusa. Sikuhama kitandani. Nilijifunza tu kulala ukingoni.

Kidole chake kidogo kilipoanza kujikunja na kukataa kunyooka, yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa daktari. Alikwenda kwa miguu, akarudi na jina la ugonjwa wake. Hakunilaumu. Jioni, aliporudi na maji, aliweka ndoo chini akasema, "Si joto." Basi.

Daktari alinifafanulia baadaye kwamba vidonge huua ugonjwa lakini havirudishi mishipa iliyokwisha kufa. Alisema hivyo kwa upole, na ingekuwa afadhali kwangu angenitukana. Mama yako akapelekwa kwenye hospitali ya wakoma, mbali, na wewe ukapelekwa bweni kwa masista. Kila ulipouliza nilisema amekwenda kwao kumtunza mama yake. Uliamini muda mrefu kuliko nilivyostahili.

Kurudi kwake unakukumbuka, lakini ulikuwa umefungiwa ndani, hukusikia yaliyosemwa. Lori lilimteremsha barabarani, akaja akaketi juu ya sanduku lake nje ya lango, chini ya ua wa minyaa, akisubiri kukaribishwa. Wazee walikuwa wameshakusanyika. Okelo akaanza, kwa heshima kabisa.

"Ouma, ndugu yangu, sisi hatukatai mke wako. Tunakataa ile amekuja nayo."

"Hajaja na kitu," nikasema. "Amepona. Daktari amemwachilia kwa sababu hawezi kumwambukiza mtu."

"Amepona? Na vidole viko wapi? Amesahau kwa lori?"

Wengine walicheka. Nikasimama nikaeleza. Mwanangu, sijawahi kueleza vizuri namna ile. Nilieleza juu ya vidudu visivyoonekana na jinsi vinavyopenda sehemu za baridi za mwili, juu ya mishipa, juu ya dawa, juu ya kidole kinachopotea kwa kuungua na kujikata bila kusikia maumivu, si kwa kuliwa na laana. Nilitumia Kijaluo, nikaongeza Kiswahili, nikatupia hata Kilatini, nikawaambia *cutis* si *pellis*. Walinisikiliza kwa makini, kwa maana wazee wetu wanapenda mtu anayesema kwa mpango. Nilipoketi, Okelo akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umesema vizuri, mwalimu. Sasa, nyumba yake tumjengee upande gani wa ua?"

Na mimi nikaonyesha kwa kidole.

Hakuna aliyenilazimisha. Hapakuwa na rungu wala kiapo. Nilikuwa nimechoka kwa kusema, na nilihisi, Mungu anisamehe, kwamba kwa kueleza nimekwisha kufanya sehemu yangu. Nilionyesha pale nje, kule kwenye kipara cha ardhi ambapo hapaoti kitu. Mama yako alikuwa anatazama kidole changu kinakoelekea. Akasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Hapo kuna jua mzuri. Nitakauka haraka."

Walicheka tena, wakidhani ni mzaha wa mtu aliyekubali. Mimi peke yangu ndiye niliyejua anazungumza juu ya kazi yangu.

Tangu siku hiyo nilimpelekea kila kitu. Maji, kuni, unga, dawa, taa. Wewe ulinisaidia, na tulikuwa hodari. Tulikuwa tunaviweka juu ya lile jiwe la mlangoni, tunasema hodi, tunarudi nyuma hatua kadhaa, tunazungumza. Jirani akituona angesema ni watu wanaompenda mgonjwa wao. Na tulimpenda, ndiyo ubaya wake. Kumpenda kwetu kulikuwa na umbali wake ambao hatukukaa siku moja tukaupanga.

Mwaka jana, wewe ukiwa shuleni, alishika sufuria ya uji kwa mkono mtupu. Hakusikia. Alisikia harufu ya nyama akadhani jirani wanachoma, akatoka nje kutazama moshi unatoka wapi, sufuria ikiwa bado mkononi. Nilimkuta ameketi mlangoni, kiganja chake amekielekeza juu kama mtu anayeomba mvua. Safari ile sikuweza kuweka kitambaa cha kidonda juu ya jiwe nikarudi nyuma. Niliingia, nikapiga goti, nikaushika mkono wake nikaanza kuutazama. Nikaugeuza upande huu. Nikaugeuza upande ule. Nikapitisha dole gumba pembeni mwa jeraha kuona limeingia kiasi gani.

Akatazama dole gumba langu. Kisha akasema, "Mkaguzi. Daraja ya ngapi?"

 Nikasema, "Hii haipimwi."

"Basi wacha kuigeuzageuza. Shika tu."

Nikaushika. Na jambo lililonishangaza, mwanangu, jambo ambalo naona haya kukuandikia lakini ndilo nililotoka nalo katika maisha yangu yote ya Kilatini na ya ngozi, ni kwamba ulikuwa na joto. Nilikuwa nimesahau kwamba ungekuwa na joto. Sijui nilitazamia nini. Labda kitu kikavu, kitu cha fremu. Nilikaa pale nikiwa nimeushika mkono wa mtu aliye hai. Baada ya kitambo akasema, "Hapo sisikii kitu, Ouma. Panda kidogo. Juu ya kifundo cha mkono ndiyo nasikia." Nikapanda. Akafumba macho.

Tangu hapo namfunga vidonda mimi mwenyewe, na Okelo ameacha kunywa chai kwangu. Ni sawa. Sikuambii hivyo ili unisifu. Nilianza nikiwa nimechelewa, vidole vikiwa vimekwisha kupotea.

Sasa nirudi kwa Jumapili. Ulimpelekea wali na kuku. Ukaweka sahani juu ya jiwe, ukasema, "Mama, nimekuwekea hapo." Mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe nyuma ya ua. Nilimwona ametokea mlangoni na kunyoosha mkono, si kwa sahani, bali kwako. Kisha akauona uso wako. Ule mkono akaurudisha akaanza kujipangusa gauni, kana kwamba ndicho alichokusudia tangu mwanzo. Hapakuwa na vumbi kwenye gauni lile.

Ndipo nilipokuita nikakufokea, nikasema muuguzi gani wewe. Ukanijibu ukilia, na maneno yako nimeyabeba wiki hii nzima: "Najua, Baba. Najua hauambukizi, nimesoma. Ni mikono yangu ndiyo inakataa."

Nilipaswa kukwambia papo hapo kwamba nakuelewa, badala yake nikakutazama kwa hasira. Hasira ile haikuwa yako. Ulichosema ni kweli tupu. Kichwa kinafundishwa kwa maneno, mikono inafundishwa kwa kuona. Na mikono yako iliona nini? Ilimwona baba akilala ukingoni. Ilimwona anapita mbali na mgongo wa mama. Ilimwona anasema maneno mazuri mbele ya wazee, kisha anaonyesha kwa kidole. Mikono yako ni wanafunzi wazuri, Akoth, na mwalimu wao ni mimi.

Huko uendako mikono yako itatii. Sista atakuwa anatazama, utakuwa umevaa nguo nyeupe, na wagonjwa watakuwa watu usiowajua. Utawaosha, utawageuza, utawachoma sindano zile wanazoziita za chini ya *cutis*, na siku moja utajishangaa jinsi ilivyo rahisi. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini kugusa mgeni kwa sababu ya kazi ni jambo moja, na mimi nilifanya kazi ya kugusa muda wote wa ndoa yangu nikarudi nyumbani na mikono mitupu. Usitazamie kwamba kule kutakufundisha hili la hapa.

Nakuambia pia jambo ambalo sitakuficha, kwa kuwa mara ya kwanza niliponyamaza niliona matunda yake. Kidonda cha mguu wake kimefika mfupani. Chakula anakigusa tu ili tusiseme. Daktari wa Homa Bay alinitoa nje, akatazama viatu vyake, akaniambia nisipange mambo ya mbali. Wewe likizo yako ni ya mbali. Sidhani kama utamkuta.

Jana jioni nilimkuta ameshika kibuyu kidogo cha samli kati ya magoti, anajaribu kukifungua kwa meno. Nikamsaidia. Nikamwuliza ni ya nini. Akasema kwao mtoto akisafiri, mama humpaka samli kidogo kwenye paji la uso ili njia impokee. Alipakwa yeye alipokuja kwangu, na ng'ambo ya mto Migori hajui mtu aliyeondoka bila hiyo.

"Nimwite?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Robi, anaondoka kesho kutwa."

"Usimwite. Mtoto haitwi kwa baraka kama kuku kwa mtama." Alikiweka kibuyu karibu na mto, akakifunika na kitambaa chake cha kichwa. "Akija, nitampaka. Asipokuja, nitapikia mboga."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Kisha akaniuliza kama nguo zako zimekauka, na kama viatu vinakubana, na kama ni kweli katika meli wanatoa chai bure. Kana kwamba samli haikutajwa kabisa.

Nimekuandikia mengi, na naona nimefanya tena kile ninachokifanya siku zote: nimeeleza. Sikuamrishi uisikie mikono yako imekubali. Yangu haikukubali kwanza. Niliipeleka, ikakubali ikiwa huko huko. Huenda yako ikasita, na yeye ataona, na hatakasirika, kwa maana ameona mabaya zaidi kutoka kwangu. Hutakiwi kusema lolote. Wala usimwombe msamaha, atakucheka.

Baba yako Ouma hana neno jingine. Leo, kabla ya chai na kabla hujafunga sanduku, pita lile jiwe la mlangoni, ingia ndani, umshike mama yako mkono.